Kikapu Kisichotoa Moshi

Giakanja, 22 Septemba 1980

Mpendwa ndugu yangu Gatimu,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi, wewe uliye kwenye joto na mbu. Sisi tuko, kama watu wanavyokuwapo. Mama anakula, analala, anagombana na kuku. Jicho lake la kushoto limefunikwa na ukungu kabisa, lakini masikio ni mazima, anasikia hata yale ambayo hayajasemwa. Binti yangu Monicah amejifungua tena huko Karatina, mtoto wa kike, na kwa kuwa ni binti wa pili amepewa jina langu mimi nyanya yake, kama desturi. Basi sasa kuna Warigia mwingine duniani. Namwombea mgongo bora kuliko huu wangu.

Magdaline na watoto hawajambo? Mwambie mkeo kwamba ule mchele mlioleta Krismasi ya mwaka juzi bado unatajwa hapa nyumbani.

Sasa habari yenyewe. Juma lililopita akina mama wa kanisa walinivuta kwenda shoo ya kilimo ya Nyeri. Sikutaka. Niliona nitatembea siku nzima kuangalia ng'ombe wa watu wengine walionona. Lakini huko nyuma ya ng'ombe kulikuwa na banda refu la vitu vya nyumbani, vilivyobuniwa na watu tu, wengine mafundi wa kando ya barabara. Kulikuwa na mashine ya kupukuchua mahindi iliyotengenezwa kwa mnyororo wa baiskeli. Kulikuwa na pipa la kufulia nguo lenye mpini wa kuzungusha, na bwana mmoja alilifua shati lake mbele yetu kisha akalivaa likiwa bichi ili tuamini. Kulikuwa na mtego wa panya wa ndoo, ambao panya hupanda mwenyewe kwa ngazi. Tulicheka sana. Nilikuwa sijacheka tangu mvua ndefu.

Mwisho wa banda tukamkuta mama mmoja wa Kangema, anaitwa Wakonyo, amekaa karibu na kikapu kikubwa cha kawaida, kama kile cha kubebea kabichi. Akasema, "Wamama, hii kikapu yangu inapika. Haina moto, haina waya, haina mafuta." Watu wakaondoka. Mimi nilibaki kwa sababu kulikuwa na benchi.

Ndani ameweka gunia, na katikati ya gunia kuna majani ya migomba yaliyokauka, yameshindiliwa, na shimo la ukubwa wa sufuria. Asubuhi alikuwa amechemsha maharagwe kidogo tu, akaitumbukiza sufuria humo na kuifunika kwa mto uliojazwa majani hayohayo. Alipofungua alasiri, mvuke ulinipiga usoni, Gatimu. Maharagwe yameiva, yanapondeka kwa ulimi. Nikamwuliza kama chakula kilichokwisha kupikwa kinaweza kukaa humo usiku kucha kisipoe. Akaniambia, "Mpaka asubuhi, dada. Utaungua mdomo."

Nililia pale kwenye benchi. Wale wenzangu walidhani kichwa kinaniuma.

Wakonyo alisema majani si mabaya lakini yanaoza. Maganda ya mpunga ndiyo bora kuliko vyote, ila mtu wa Kangema atayatoa wapi? Nikacheka peke yangu, kwa maana mimi nina ndugu mwenye shamba la mpunga. Nitumie gunia moja la maganda kwa lori la Theuri akija kununua mchele huko.

Muuguzi wa zahanati ameniambia niache kubeba kuni. Anasema uti wa mgongo wangu umebanwa, na nikiendelea kuvuta mizigo kwa mkanda wa kichwani ipo siku nitaingia msituni nisitoke kwa miguu yangu. Lakini mama hataki moto wake ulale. Unajua sababu. Sitaiandika.

Ni mimi dada yako,
Warigia


Wang'uru, 30 Oktoba 1980

Kwa dada yangu Warigia,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima. Mvua hapa imeanza na vyura hawatuachi tulale. Nimefurahi kwa habari ya Warigia mdogo. Nimemwonea huruma pia, kama ataurithi ulimi wako.

Magdaline na watoto wako Kangema kwa wazazi wake, wanasaidia kuchuma chai. Watarudi msimu huu ukiisha.

Barua yako imenichekesha mpaka wenzangu wakauliza kuna nini. Dada, ulikwenda kwenye shoo yenye trekta na mashine za kukamua maziwa, ukarudi na habari ya kikapu! Na huyo Wakonyo, uliangalia kama hakuwa na jiko chini ya meza? Lakini maganda si kitu. Hapa yamerundikana kama vilima, yanachomwa tu. Utapata hata magunia matatu.

Sikuelewa habari ya kuni. Mama anapika chakula gani kinachohitaji moto usiku kucha? Mko wawili tu humo ndani. Mwambie awe anapika mapema, na wewe ukanunue makaa.

Nisalimie mama. Mwambie kazi ni nyingi, nikipata nafasi nitafika.

Ndugu yako,
Gatimu


Giakanja, 16 Novemba 1980

Ndugu yangu Gatimu,

Salamu. Huku hakuna aliyekufa. Mahindi yamekaribia kukomaa na nyani wameshajua. Mama alianguka kidogo akienda chooni lakini hakuvunjika mfupa, ilivunjika adabu ya maneno tu.

Umeniuliza kwa nini moto unawaka usiku kucha. Nilisema sitaandika, nami nilidhani mtu aliyezaliwa nyumba hii hahitaji kuandikiwa. Kumbe joto la huko limekuyeyusha kichwa. Basi sikiliza.

Kila jioni mama akipakua, anapakua visahani vitatu. Changu, chake na chako. Chako anakifunika na kukiweka kando ya mafiga. Mama yeyote hapa humwekea chakula mtoto aliye safarini, hilo unalijua, lakini wengine huweka siku ambazo mtu amesema anakuja. Wewe unasema "nikipata nafasi". Kwa hiyo mama anaweka kila siku, na kwa kuwa hapendi ule kitu baridi baada ya safari ndefu, anataka makaa yawe hai mpaka alfajiri. Asubuhi chakula chako huliwa na kuku au nakila mimi. Nimekula chakula chako miaka miwili, Gatimu. Sina haja ya kingine maishani.

Kuni za moto huo ndizo ninazobeba. Asubuhi mbili kati ya tatu niko kwenye mpaka wa msitu, namwomba askari wa misitu kama mtoto anayeomba maziwa. Makaa ya kununua siwezi bei yake, na mama anasema hayana ulimi wa moto. Nimechoka. Nasema hivyo bila kuficha. Siyo uchovu wa kulala ukaamka umeondoka.

Nilimweleza habari ya kikapu. Akaniangalia kwa lile jicho zima na kusema, "Ati nilalie chakula kama kuku anayelalia mayai? Kikapu ni ya kuku, Warigia. Mtoto wangu anawekewa kwa moto." Nikamwambia moto huo unanimaliza. Akasema, "Siku nitazima hii moto, mjue nimechoka kumngojea."

Kwa hiyo sijui kama maganda yatasaidia. Tuma tu. Au njoo nayo.

Dada yako,
Warigia


Wang'uru, 2 Februari 1981

Dada Warigia,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umekwisha kuzeeka. Nisamehe kwa kuchelewa. Kuanzia Desemba ni kuvuna na kukoboa, mashine hazilali. Nina kikohozi kidogo cha vumbi. Hapana la kutisha.

Natumai Theuri alikufikishia yale magunia matatu kabla ya Krismasi. Chagua yaliyo makavu, uyaanike tena juani, uyapepete yatoke vumbi. Yakiwa na unyevu hayatunzi joto. Shindilia hasa chini, maana joto hutorokea hata chini. Mto wa juu uwe mzito.

Magdaline bado yuko Kangema. Watoto wameingia shule hukohuko.

Yale uliyoniandikia kuhusu chakula nimeyasoma. Mwambie mama asiwe anaweka.

Gatimu


Giakanja, 8 Machi 1981

Mpendwa Gatimu,

Leo nakusalimu kwa mikono miwili. Mama hajambo. Mimi, utashangaa, sijambo pia. Warigia mdogo ameota jino moja na tayari ameng'ata watu.

Magunia yalifika. Nilifanya ulivyosema, hata kabla hujasema, nikaanika na kupepeta. Mama alikuwa amekaa mlangoni akininunia. Alipochoka kununa akaja, akaingiza mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, akateka konzi ya maganda akanusa. Akaniuliza, "Hii imetoka kwa Gatimu?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Ameshika kwa mkono yake?" Nikamwambia ndiyo, kwamba ni wewe uliyejaza. Alichukua kikapu akaanza kushindilia mwenyewe, kwa ngumi, kama anayekanda unga.

Tangu siku hiyo chakula chako kinalala kwenye maganda yako. Viazi, maharagwe, mahindi mabichi yalipokuwapo. Akishafunika anauweka mto juu, anaupigapiga, anasema, "Sasa hata akija asubuhi." Tunapika mara moja saa za mchana, kisha moto tunauzima. Jioni kila nyumba ya kijiji inafuka moshi isipokuwa yetu. Mzigo mmoja wa kuni sasa unamaliza wiki na zaidi. Nimepumzika, ndugu yangu. Juzi niliinuka kitandani bila kushika ukuta. Jicho la mama limeacha kutoa machozi. Yule Wakonyo wa Kangema, Mungu amwongeze.

Lakini kuna jambo moja, nami nitalisema polepole. Kila mwaka ulikuwa ukileta mchele. Krismasi ya mwaka juzi hapakuwa na mchele, tukasema ni msimu. Krismasi hii yalikuja magunia matatu ya maganda na hapakuwa na hata kibaba cha mchele katikati. Mama hakuuliza. Ila juzi akishindilia upya alisema, kama anayejisemea, "Anayetuma maganda hana mchele."

Nilimwuliza Theuri. Alikwaruza tairi kwa kiatu, akasema, "Huyo kijana iko tu sawa, dada. Iko na kazi." Theuri ni mwongo mbaya, hana kipaji.

Sikuulizi, Gatimu. Mkulima wa mpunga hupata mpunga, na maganda hubaki kinuni. Mtu anayeweza kutoa maganda bila kuhesabu ni yule anayeyachota. Nakuambia tu kwamba hapa hakuna anayengoja mchele.

Lori la Theuri limekufa Karatina na anangoja kipuri, kwa hiyo barua hii itafika atakapofika. Yeye ndiye posta yangu, maana anwani yako ya zamani haijibu.

Dada yako,
Warigia


Wang'uru, 7 Juni 1981

Dada yangu,

Salamu. Leo nitaandika yote, nikiacha leo sitaandika tena.

Barua yako ya Machi nimeipata Mei, lori lilipotengenezwa. Kama ingefika kwa wakati wake nisingekuwa na haya ya kuandika.

Ni kweli sina shamba. Lile nililokuwa nalima lilikuwa la mzee mmoja asiye na nguvu, tukigawana mavuno. Ninyi mlisema "shamba la Gatimu", nami nikaliacha jina hilo likae. Mzee alikufa, wanawe wakarudi, nikatoka. Sasa niko kwenye kinu. Naingiza mpunga upande mmoja, upande mwingine nachota maganda kwa beleshi. Magdaline hakuondoka kwa hasira. Aliondoka kwa sababu chumba ninacholala ni cha watu wanne. Nilikuwa nangoja nipate kitu mkononi ndipo nije nyumbani. Mkono mtupu haulambwi.

Lakini uliponiandikia habari ya kile kisahani cha tatu, sikupata tena usingizi mzuri. Pasaka nikaamua nije hivyohivyo. Nilidandia lori la mtu wa Nyeri, nikatembea kutoka barabarani. Jua lilikuwa likizama nilipofika ng'ambo ya mto, pale juu ya kisima, mahali tulipokuwa tukisimama tukitoka shule kuangalia kama mama amerudi shambani. Unakumbuka. Ukiona moshi unatoka paani, yuko, na chakula kiko.

Nikaangalia. Kwa akina Mathenge moshi. Kwa Peterson moshi. Kila boma lina moshi wake. Kwetu paa lilikuwa kavu. Nikangoja. Nikasema labda kuni ni mbichi, labda ndio wanawasha. Giza likaanza kuingia na hapakutoka kitu. Ndipo maneno yake uliyoniandikia Novemba yakanijia: siku nitazima moto huu, mjue nimechoka kumngojea.

Nikasema basi, amezima. Ana haki. Mimi ni nani wa kumlaumu?

Kikapu sikukifikiria. Mimi mwenyewe niliyejaza yale magunia sikukifikiria, kwa sababu kwenye barua yako ya mwisho niliyokuwa nayo mama alikuwa amekikataa. Nilijua tu kwamba nyumba ya kwetu isiyo na moshi jioni ni nyumba ambayo mwenyewe hamngoji mtu. Nikageuka. Nililala kwenye kibaraza cha duka na asubuhi nikarudi huku.

Halafu Mei nikaipata barua yako. Niliisoma nikiwa nimekaa juu ya rundo la maganda. Sitakuambia nilivyofanya.

Usimsomee mama barua hii. Nikipata kitu mkononi nitakuja.

Gatimu


Giakanja, 5 Julai 1981

Gatimu,

Sina salamu ndefu. Kuna ukungu tangu Jumapili iliyopita, hatujaona mlima wala jua. Mama ana kifua.

Nilimsomea. Nilijaribu kuruka kurasa, akasema, "Hiyo karatasi imenyamaza kwa nini?" Nikasoma yote. Nilipofika pale ulipogeuka, aliniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza jioni ile ya Pasaka tulikuwa tumepika nini. Nikakumbuka, maharagwe meusi ya njahi na ndizi, kwa sababu ya sikukuu. Akauliza kama asubuhi ile kilikuwa bado cha moto. Nikamwambia ndiyo, mama, mimi ndiye niliyekila na kiliniunguza mdomo. Akafunika uso kwa shuka. Sijawahi kumwona mama yetu akifunika uso, hata baba alipozikwa.

Alipofunua alisema neno moja. "Washa."

Nikamwambia kikapu kinatosha. Akasema kikapu kinaweka chakula lakini hakiiti mtu. Nikamwambia mgongo. Akasema atakwenda yeye. Akainuka, Gatimu, na kifua hicho, akachukua mkanda wake wa zamani uliotundikwa ukutani, akaanza kuuweka kichwani akielekea mlangoni bila fimbo. Ungefanya nini? Nilimpokonya nikaenda mimi.

Nimerudi msituni. Sasa chakula chako kiko kwenye kikapu, kinatokota raha mustarehe, na kando yake ninachoma kuni ambazo hazipiki kitu chochote. Nachoma ili zitoe moshi. Mama amekataa zile kavu, anasema moshi wake ni mwembamba, hutauona. Anataka mbichi, nzito. Nyumba imejaa moshi, anakohoa ndani yake, macho yameanza tena kutiririka, na yeye amekaa hapo akisema, "Sasa ataona." Leo nimeshindwa kufunga viatu. Ninaandika nimelala chali.

Nina hasira na wewe. Wala si kwa ajili ya shamba. Umesema mkono mtupu haulambwi. Nani hapa amesema anataka kuulamba? Anataka kuushika. Ulisimama mahali ambapo ungepiga kelele tukakusikia! Ungeita tu, "Mama!", angetoka hata bila macho.

Kuni nilizoleta jana ni za mwisho. Nimemwapia muuguzi, na sasa nakuapia wewe. Moshi huu ukiisha hautapanda mwingine, utake usitake. Njoo kabla haujaisha, au ukiisha njoo hivyohivyo.

Warigia


Wang'uru, 15 Julai 1981

Dada,

Salamu nitazitoa kwa mdomo. Barua hii nampa Theuri anayetoka alfajiri leo. Mimi nitafuata Ijumaa na lori la pili, nimeomba ruhusa kinuni na kama hawatanirudisha kazini nitajua huko mbele. Magdaline na watoto nimewaandikia waje Giakanja kutoka Kangema. Tutaonana hapo kwa mama.

Sina mchele. Nimetafuta hata wa kuokoteza, nikaona ni upuuzi.

Zima huo moto. Fungua madirisha, mtoe mama nje kwenye hewa. Mwambie chakula akiweke kwenye kikapu, nami nimeshajua kwamba nyumba yetu haitoi moshi. Nikifika juu ya kisima sitaangalia paa. Nitaita.

Zile kuni zilizobaki usiziguse. Nitazipasua mimi.

Gatimu